Watoto Tuliowapima kwa Mizani ya Korosho

Juma lililopita nilikabidhi funguo za kliniki, nikarudi nyumbani kwangu Lisekese. Siku ya kuniaga, vijana wangu, mlinisimamisha mbele mkataka nieleze kazi yetu hii ya watoto wadogo ilivyoanza. Nikasema maneno matatu, nikaketi. Mlidhani machozi yamenizuia. Hapana. Nilikuwa na mengi mno ya kusema, na niliona pilau linapoa.

Sasa nina meza, nina nafasi, na hakuna foleni mlangoni. Nitawaandikia. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana hazikuwa nyingi na hazichekeshi. Nitaandika mwanzo tu. Mpaka leo nikiukumbuka mwanzo ule moyo unanienda mbio, kama msichana aliyesikia ngoma inawambwa jirani.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile ya mwisho mwisho kabla hajaondoka. Mimi ni mtoto wa Masasi, wa familia ya misheni. Baba yangu alikuwa mwalimu, na nyumbani tulisema Kiyao ndani na Kiswahili nje. Nilipomaliza shule nikapokelewa hospitali ya misheni kuwa msaidizi katika wodi ya watoto. Siku ya kwanza nilivaa gauni nililolipiga pasi mara mbili, nikijua nitapewa sindano. Nilipewa ufagio, sufuria na kijiko.

Mkuu wa wodi alikuwa Mama Edita, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyofika mpaka jikoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa nyumbani."

"Nyumbani si hapa. Kanawe."

Niliporudi akanishika mkono, akanipeleka kwenye kitanda cha mtoto aliyekuwa amevimba uso na miguu, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama za hindi bichi. Ninyi ugonjwa ule mnauita kwashakoo. Sisi tulisema tu "kuvimba". Mama Edita akabonyeza juu ya mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akauachia. Shimo likabaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Hayo ni maji," akasema. "Mtoto huyu si mnene, amekonda akajaa maji. Na unaona halii? Mtoto akilia ana nguvu. Huyu ameisusa dunia. Kazi yako ni kumrudisha, na hicho kijiko ndicho sindano yako."

Nikajifunza kulisha. Msidhani ni kazi ya mchezo. Mtoto aliyevimba anafumba mdomo, anageuza uso, anakutazama kama umemkosea. Unampa kidogo, unangoja, unampa tena kidogo, mpaka mkono wako unakufa ganzi. Mama Edita alinipa na onyo nililolishika kuliko mengine yote: "Usiiamini mizani siku za mwanzo. Maji yakitoka mwilini, mtoto atapungua kwanza. Wewe ngoja akasirike. Siku atakayokunyang'anya kijiko, piga vigelegele."

Tuliwaponya wengi. Kilichotuuma ni kwamba wengine walirudi. Walitoka juu, kwenye uwanda wa Newala, wakapona kwetu, wakarudishwa kwao, na baada ya muda mama yule yule anashuka tena na mtoto yule yule, miguu imevimba tena. Siku moja Mama Edita aliweka beseni chini kwa kishindo.

"Tunawaponya huku chini, tunawarudisha kulekule walikougulia. Lazima mtu akaone kuna nini kule. Sesilia, wewe huna mume, huna mtoto, na una miguu mizuri. Utapanda."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa sijawahi hata kufika Newala.

Nilipanda lori lililokwenda kufuata korosho za mwisho, nimeketi juu ya magunia matupu, nikiwa na mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, sabuni, vijiko na barua ya daktari. Lori lilipokuwa linapanda mlima kwa gia ndogo, likilia kama ng'ombe, niliangalia nyuma nikaona Masasi na vilima vyake vya mawe vimekuwa vidogo chini. Nikacheka peke yangu. Utingo akaniuliza kama ninaumwa.

Niliteremkia Chilangala. Jumbe wa kijiji, mtu mpole aliyependa kusafisha koo kabla ya kusema, alisoma barua, akanipa chumba kwa dada yake na ghala la korosho la kufanyia kazi. Msimu ulikuwa umekwisha, ghala tupu, limebaki harufu yake na mizani ikining'inia kwenye boriti, ile ya ndoana, ya kupimia magunia. Nilipoiona mizani ile nilimpongeza Jumbe kana kwamba ameniandalia makusudi. Nikashona machela ya gunia yenye matundu mawili ya miguu, nikaitundika. Kliniki ikawa tayari.

Kesho yake nikafungua mlango, nikangoja mama na watoto. Watoto walikuja. Mama hakuja hata mmoja. Walikuja wadogo wamebebwa na wadogo wenzao, wengine wanatambaa na kipande cha ugali baridi wa makopa mkononi, ule mweupe wa muhogo mkavu, mtupu, bila mboga. Nikamwuliza Jumbe, mama zao wako wapi?

"Wamefuata maji."

"Watarudi saa ngapi?"

Akasafisha koo, akatazama jua. "Watarudi."

Mtu wa Masasi hawezi kuelewa jambo hili kwa kuelezwa. Juu ya uwanda udongo ni mzuri, mikorosho inastawi, hewa safi, lakini maji hakuna. Yako chini bondeni, chini kabisa ya ukingo wa mlima. Basi nikaazima mtungi, nikasokota ngata ya majani, na siku iliyofuata nikaondoka nao alfajiri.

Kushuka kulikuwa raha. Tuliimba. Mbele yangu alikuwa mwanamke kijana aitwaye Somoe, mjamzito, mcheshi kupita wote, ambaye kazi yake ilikuwa kunicheka. Nilipoyaita maji "mesi" kwa mazoea ya Kiyao chetu, akanisahihisha, "Huku ni medi, na hata ukiyaita jina gani ni mazito yaleyale." Chini tukangoja zamu, maana chemchemi ilikuwa inatoa kwa kujihesabia. Kisha tukapanda. Sitaeleza kupanda. Nitasema tu kwamba nilifika juu jua limekaribia utosini, mtungi wangu una nusu, gauni langu lina nusu nyingine, na shingo yangu haikugeuka kushoto wala kulia kwa siku kadhaa.

Lakini nilikuwa nimeona! Nilitaka kupiga kelele pale pale njiani. Hawa mama hawakukosa akili wala mapenzi. Karanga walikuwa nazo, kunde na mbaazi walikuwa nazo, kisamvu kilijaa kila upande. Ila walitoka watoto wamelala, walirudi wamechoka hawajiwezi, na saa zote za katikati mtoto wa miaka miwili alikuwa anakula alichopewa na dada yake wa miaka sita. Na jioni kisamvu kilichotwangwa na karanga walikula wakubwa. Mdogo alichovyewa tonge kwenye mchuzi.

Siku hiyo hiyo niliwakuta wameketi wakijipepea, nikawaambia: "Mkienda bondeni, niachieni watoto wadogo ghalani. Nitawapikia uji wa mtama na karanga. Mkirudi mtawakuta wameshiba."

Wakatazamana. Mmoja, Mama Hadija, mwanamke mnene wa sauti ya amri, akauliza, "Na maji ya kupikia huo uji utayatoa wapi, dada nesi? Utayafuata bondeni na watoto mgongoni?"

Wakacheka wote, mimi pia. Sikuwa nimefikiria.

Somoe ndiye aliyenyamaza kwanza. Akainuka, akachovya kata katika mtungi wake uliojaa, akamimina ndani ya sufuria yangu. "Kila mmoja kata moja," akasema. "Atakayeleta mtoto alete na kata. Kata moja haimwui mtu."

Maji yale walikuwa wameyabeba kwa shingo zao, na shingo yangu ilikuwa inajua bei yake. Wakainuka mmoja mmoja, hata Mama Hadija. Sufuria ikajaa.

Ndivyo ilivyoanza nyumba ya watoto ya Chilangala. Asubuhi walikuja wakiwa na usingizi, nikawanawisha kwa maji ya kijiko, nikawaketisha kwenye mkeka. Uji mzito, karanga zilizokaangwa na kutwangwa mpaka zitoe mafuta, kijiko cha maziwa ya unga. Mchana mbaazi zilizopondwa na kisamvu chenyewe, si mchuzi wake. Tuliimba, tuliosha macho yaliyougua, tulipaka dawa ya upele. Baadaye, msimu wa korosho uliporudi, tukagawana ghala: asubuhi nikapima watoto, mchana mnunuzi akapima korosho. Hakuna aliyelalamika ila mnunuzi, aliyedai gunia moja linanuka mkojo. Nikamwambia alinuse vizuri, huenda ni korosho zenyewe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kabla ya msimu huo, nifikie jambo ambalo bila hilo nisingewaandikia.

Kijijini, kama mnavyojua, mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Hadija, Mama Saidi, Mama Zuhura. Somoe peke yake aliitwa Somoe. Nilidhani ile ndiyo mimba yake ya kwanza. Siku moja tukiwa tunatwanga karanga nikamtania, "Ukijifungua tutakuita mama nani?"

Mchi ukasimama. Wanawake waliokuwepo wakashughulika na vitu vyao. Somoe akaweka mchi chini polepole, akaondoka.

Nilihangaika kutwa nzima. Asubuhi yake, kabla wengine hawajafika, alikuja na kitu kimefungwa ndani ya kanga, akakiweka mapajani mwangu. Nikafungua. Alikuwa mtoto wa kiume wa miaka miwili, amevimba mpaka macho yamekuwa mistari, ngozi ya miguu inabanduka, midomo imechanika. Hakulia. Hakunitazama hata kunitazama.

"Anaitwa Bakari," Somoe akasema. "Wanasema nimembemenda."

Neno hilo mnalijua. Walioamini hivyo walisema mtoto akivimba na kunyong'onyea, basi mama amekosa mwiko: amepata mimba nyingine mtoto hajaacha ziwa, au amemkaribia mwanamume kabla ya wakati. Mumewe Somoe, Hamisi, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, amekwenda na mkataba. Alikuja likizo, akaacha mimba, akarudi kazini. Somoe akamwachisha Bakari ziwa siku aliyojijua, kwa kufuata mwiko, akampa ugali. Mtoto akavimba. Tangu hapo alimficha chumbani, akawaomba wenzake wasimwite kwa jina la mtoto anayekufa.

"Baba yake akirudi ataambiwa mimi ndiye niliyemwua," akasema. "Dada nesi, wewe uliwaponya wa wenzangu?"

"Tuliwaponya."

"Basi."

Nilitaka kumpeleka Masasi, lakini mvua zilikuwa zimeshuka, lori halipandi, na Somoe mwenyewe alikuwa mzito, siku zake zinakaribia. Ilibaki mimi, sufuria na kijiko. Na ilibaki Bi Esha.

Bi Esha alikuwa kungwi, mwalimu wa wasichana wote wa upande ule. Hakuna mtoto aliyezaliwa au kuugua bila neno lake, na dawa ya kubemendwa ilikuwa yake. Bila yeye ningekuwa ninaiba mgonjwa wa mtu. Nikaenda kwake, nikapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniambia dawa yangu haifai?"

"Nimekuja kuuliza. Dawa yako inamkataza mtoto kula?"

Akafikiri. "Ya kuogea ni ya kuogea. Haikatazi kula."

"Inakataza karanga? Maziwa?"

"Haikatazi."

"Basi wewe umwogeshe, mimi nimlishe. Tufanye zote mbili."

Akacheka kicheko cha meno machache. "Wewe binti ni mjanja. Lakini mtoto wa dawa yangu hakai mbali na macho yangu. Nitakuja kukaa humo ghalani mwenu."

Akaja na mkeka wake, akakaa. Siku ya kwanza nilimwonyesha kidole gumba kwenye mguu wa Bakari, naye akabonyeza wake, akaliangalia shimo lisilojifuta, akaguna. Kisha akachukua kijiko mkononi mwangu. Niwaambie kweli, sijaona mlishaji kama yule. Mimi nilisihi, yeye alivizia. Alimwimbia, akampulizia sikioni, na mdomo ulipofunguka kwa mshangao kijiko kilikuwa kimeshaingia na kutoka. Tukapokezana hivyo kutwa, yeye na mimi na Somoe akirudi bondeni, kidogo kidogo, kidogo kidogo.

Baada ya juma hivi tukampima mbele ya watu, kama tulivyowapima wote. Mkono wa mizani ukashuka chini ya pale ulipokuwa mwanzo.

Mnajua watu waliokulia kwenye korosho wanavyoitazama mizani. Hakuna aliyehitaji kusoma namba. Mama Hadija alimvuta mwanawe kutoka kwenye mkeka. "Uji unamla mtoto," akasema, si kwa ukali, kwa hofu. Mpaka asubuhi iliyofuata neno lilikuwa limezunguka kijiji kizima, na kwenye mkeka walibaki watoto watatu, mmoja wao kwa sababu alitoroka kwao akaja mwenyewe.

Jumbe akatuita ghalani, watu wakajaa mlangoni. Akasafisha koo mara nyingi kuliko kawaida.

"Binti, sisi tulikupokea. Lakini mtoto amepungua. Wamenitaka nifunge."

Maneno ya Mama Edita niliyajua, lakini yangetoka kinywani mwa msichana wa Masasi ambaye hajazaa. Nikamgeukia Bi Esha. "Bibi, siku ile ulibonyeza mguu wake, kidole kikazama. Naomba ubonyeze leo."

Bi Esha akamvuta Bakari mapajani. Akabonyeza mguu wa kulia. Akabonyeza wa kushoto. Akarudia wa kulia, akikandamiza kwa nguvu mpaka mtoto akakunja uso.

"Pamekuwa pagumu," akasema. "Shimo halipo."

"Lililopungua kwenye mizani ni yale maji," nikasema. "Hiki kilichobaki ndicho Bakari."

Bi Esha akamwinulia Jumbe macho. "Jumbe, ukileta gunia la korosho mbichi, zenye maji, ukazianika juani, ukapima tena, inakuwaje?"

"Zinakuwa nyepesi."

"Umeibiwa?"

"Sijaibiwa. Zimekauka."

"Basi mtoto naye amekauka. Mkifunga ghala, mnifunge na mimi humuhumu."

Hakufunga. Lakini watu hawakurudi mara moja. Walisema watangoja waone. Siku zile zilikuwa ndefu. Nilipika sufuria ndogo. Bi Esha hakuondoka kwenye mkeka wake. Na Bakari, sasa amebaki mifupa na macho makubwa, aliendelea kumeza anachopewa bila kukitaka, kama anatufanyia hisani.

Kisha ikaja asubuhi yenyewe. Mvua imekata, jua limetoka, wanawake wako njiani wanapanda na maji. Bi Esha alikuwa na bakuli mkononi. Akajaza kijiko, akakipeleka kwa Bakari, kisha kwa uchovu au kwa ujanja wake, mpaka leo sijui, akakigeuza akakitia kinywani mwake mwenyewe. "Mmm," akasema, "utamu wote huu nakupa wewe bure."

Bakari akakunja uso. Akanyoosha mkono ule mwembamba kama kijiti, akashika kijiko, akakivuta. Bi Esha hakuachia. Akavuta tena, akafungua mdomo, akalia! Kilio cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa haki yake! Kijiko kikamtoka Bi Esha, mtoto akakichovya mwenyewe kwenye bakuli, nusu ikaenda puani, nusu kinywani, na huku analia bado.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakwaruza. Bi Esha aliinuka, mtu wa umri ule, akapiga vya kwake, vile vya unyago vinavyosikika ng'ambo ya bonde. Wanawake njiani wakavisikia, wakaanza kukimbia. Mama Hadija alifika wa kwanza na debe kichwani, maji yakimchuruzika usoni na kifuani, wala hayajali, na kwa mtu wa Chilangala hilo si jambo dogo. Alipomwona Bakari na uji mpaka kwenye nyusi, akaliacha debe lianguke.

"Mpisheni mwenyewe!" akapiga kelele. "Mama Bakari! Mama Bakari, njoo!"

Wakamwita wote kwa jina hilo, wakapokezana njia nzima mpaka chini alikokuwa amebaki nyuma na tumbo lake. Somoe alifika anahema. Akatazama. Akaketi chini polepole, mtungi ungali kichwani, hakumwaga hata tone, machozi yanamtoka huku anacheka. Bakari alimwona, akamnyooshea kijiko.

Kesho yake mkeka haukutosha. Tuliazima mingine msikitini na kwa katekista.

Somoe alijifungua msichana mwenye afya siku chache baadaye, mikononi mwa Bi Esha na mimi. Hamisi aliporudi kutoka mkonge, sanduku begani, wapo waliokuwa tayari na maneno ya kumpa. Bi Esha alimpokea barabarani kabla yao. Nilikuwepo. Alimwambia hivi tu: "Mwanao alikuwa na njaa ya karanga. Imekwisha. Mkeo amefanya kazi ya watu wawili. Mpokee mtungi." Na Hamisi, mbele ya kijiji kizima, akampokea mkewe mtungi, akaubeba vibaya begani, maji yote yakamwagikia shati. Walimcheka juma zima, lakini hakuuacha.

Nilikaa Chilangala muda mrefu kuliko nilivyotumwa. Mama Edita alipanda mara moja kuja kuona, akaingia ghalani, akanitazama, akaniuliza kama nimenawa. Kisha akakaa na Bi Esha wakazungumza mpaka chakula kikapoa, na mimi sikukaribishwa.

Wakati huo maneno ya bomba yalikuwa yameanza. Serikali ilikuwa inavuta maji kutoka bondeni kwa mashine, inayapandisha juu uwandani. Tuliyasikia kama tunavyosikia habari za mvua za nchi nyingine. Halafu mafundi wakaja kweli, wakachimba, wakalaza mabomba, wakajenga kioski cha maji karibu na kwa Jumbe. Siku ya kufungua, fundi alizungusha bomba, likakohoa, likatema upepo na kutu, watu wakaanza kucheka kwa kukata tamaa. Kisha maji yakaja, mengi, yakipiga ndoo kwa kishindo. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Wanawake walijimwagia. Wazee walinawa nyuso na kunawa tena. Mama Hadija aliweka kichwa chini ya bomba pamoja na kilemba chake.

Mimi nilifurahi pamoja nao, nikalowa pamoja nao, na niliporudi chumbani nikaanza kukunja nguo zangu. Niliona kazi imekwisha. Tulikuwa tunalea watoto kwa sababu mama zao wamefuata maji. Sasa maji yamewafuata wao. Asubuhi nilifungua ghala kwa ajili ya kulifagia na kuikabidhi mizani. Nikabandika sufuria ndogo kwa mazoea, labda watakuja wawili watatu.

Nikasikia sauti nje, si za watoto peke yao. Nikatoka. Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto walikuwepo wote, na nyuma ya watoto wamesimama mama zao, kila mmoja amevaa vizuri, mikono mitupu, hawana mtungi wala debe. Sikuwa nimewahi kuwaona wote pamoja saa kama ile. Mbele alikuwa Somoe, kichanga mgongoni, Bakari ameshika upindo wa kanga yake.

"Mmekosa nini?" nikauliza. Ndivyo nilivyosema, nilivyochanganyikiwa.

"Hatujakosa kitu," Somoe akasema. "Siku zote tulikuwa tunawaleta hawa halafu tunaondoka. Leo tuna nafasi. Tumekuja na sisi, utufundishe yote."

Wakaingia. Waliketi kwenye mikeka, kwenye magunia, mlangoni, wengine wakabaki dirishani. Nami nimesimama na sufuria yangu ndogo ya kulishia watatu, sijui nianze wapi. Bi Esha, aliyekuwa ameshashika nafasi yake karibu na jiko, akachungulia sufuria.

"Hii itamtosha nani? Ongeza maji, mwanangu. Leo yapo!"

Nikabadilisha sufuria, nikachukua kubwa, nikaongeza maji. Na nyuma yangu, kabla sijageuka kusema neno lolote, nikasikia kinu: Mama Bakari alikuwa ameshaanza kutwanga karanga.